Mplamu Uliowaponza Washairi



Katika miaka ya 1220, mkuu wa wilaya ya Jianyang, kusini mwa Uchina, alitiwa mashakani na shairi alilotunga kuhusu maua yaliyopukutika. Jina lake Liu Kezhuang. Shairi lilihusu miplamu inayomwaga maua yake, na mahali fulani likaulaumu upepo wa mashariki, ambao katika ushairi wa Kichina ndio upepo wa majira ya kuchipua, kwa namna unavyotumia mamlaka yake juu ya maua. Mji mkuu wakati huo ulikuwa Lin'an, Hangzhou ya leo, na aliyeshika hatamu za dola alikuwa Waziri Mkuu Shi Miyuan. Mwaka 1224 mfalme alipofariki, Shi alimweka kando mrithi aliyetarajiwa, akamtawaza mwingine; mwaka uliofuata yule aliyewekwa kando akalazimishwa kufa. Basi watu wa waziri waliposoma habari za upepo unaotumia vibaya mamlaka yake, walimwona bwana wao. Chen Qi, muuza vitabu aliyechapisha diwani yenye mashairi ya namna hiyo, alipelekwa uhamishoni, na mbao zilizochongwa kwa ajili ya kuchapia zikaharibiwa. Utungaji wa mashairi ukapigwa marufuku, na marufuku hiyo haikulegea mpaka Shi alipofariki mwaka 1233. Liu mwenyewe alinusurika kwa kuwa palikuwa na mtu wa kumtetea barazani, lakini baadaye aliandika kwamba ua la mplamu lilimponza kwa miaka kumi. Hata hivyo hakuliacha. Alipofariki mwaka 1269 alikuwa ameshatunga zaidi ya mashairi mia moja kulihusu.

Nimeanza na kesi hii kwa makusudi. Vitabu vingi vinavyoeleza utamaduni wa Kichina huorodhesha mimea na maana zake: msonobari ni maisha marefu, mwanzi ni unyumbufu, mplamu ni uadilifu. Msomaji hubaki akidhani mti uliumbwa na maana hiyo ikiwa imeshabandikwa kwenye gome lake. Mimi naamini kwamba maana ya mplamu ililipiwa. Waliilipia watu waliopoteza vyeo, nyumba, nchi na roho zao, mmoja baada ya mwingine kwa karne nyingi, na ndiyo maana shairi la mplamu likisomwa bila kumjua aliyelitunga hupoteza nusu ya nguvu zake.

Kwanza mti wenyewe. Mplamu ninaouzungumzia, ambao Wachina huuita mei, si ule unaozaa plamu za Ulaya. Kwa nasaba uko karibu zaidi na mwaprikoti. Huchanua mwishoni mwa majira ya baridi, pengine theluji ingali matawini, na maua yake hutangulia majani. Hapo ndipo penye siri yake yote. Mtu hupita jana akaona tawi jeusi, lenye magamba, kavu kama kuni. Hupita leo akaona tawi lilelile lina maua ya petali tano, meupe au ya waridi, bila jani hata moja. Harufu yake ni hafifu, hufika na kupotea. Sisi wa mwambao tumezoea asumini na kilua, maua ya harusi na ya nywele za wanawake, nayo hayangoji baridi. Inabidi tuifikirie kwanza baridi yenyewe, miezi mitatu ya ardhi iliyokufa na sakitu kila alfajiri, ndipo tuelewe kwa nini ua dogo namna hii liliwashika watu.

Lakini kwa muda mrefu sana halikuwashika. Katika mashairi ya kale kabisa ya Kichina, yaliyokusanywa katika Kitabu cha Nyimbo, kinachotajwa ni tunda: plamu zinapukutika, na msichana anawahimiza wachumba wasichelewe. Katika Kitabu cha Hati, mfalme anamwambia waziri wake awe kwake kama chumvi na plamu katika mchuzi, kwa maana tunda hili chachu ndilo lililokuwa kiungo cha jikoni. Kwa hiyo mti huu uliingia ikulu kupitia chungu cha mchuzi, ukawa mfano wa waziri mwema muda mrefu kabla ya mtu yeyote kulisifu ua lake. Washairi wa baadaye hawakuusahau mfano huo. Walipotazama ua katika theluji, walijua kwamba tunda lake lingefaa kumlisha mfalme, kama tu mfalme angelitaka.

Ua lenyewe lilianza kutungiwa kwa wingi katika karne ya 5 na ya 6, zama za falme za kusini. Hapo lilikuwa pambo. Watunzi wa makasri walilifananisha na uso wa mwanamke, na kupukutika kwake na ujana unaopita. Mtunzi mmoja alikwenda njia nyingine: Bao Zhao, mtu wa ukoo duni katika zama ambazo ukoo ndio uliogawa vyeo, aliyeuawa katika vurugu za kijeshi mwaka 466. Yeye aliusifu mplamu kwa kuweza kuchanua kwenye jalidi, akaibeza miti mingine inayosubiri jua. Ni rahisi kusikia humo sauti ya mtu anayejua thamani yake na kujua pia kwamba mlango umefungwa. Lakini hakupata wafuasi wengi kwa wakati wake, na hata katika enzi ya Tang, karne za 7 hadi 9, matajiri wa mji mkuu waliililia peoni, ua kubwa lililojaa rangi.

Aliyeugeuza mplamu kuwa jambo la maisha alikuwa Lin Bu, aliyefariki mwaka 1028. Aliishi kwenye kilima cha Gushan katika Ziwa la Magharibi, Hangzhou, na husimuliwa kwamba kwa miaka 20 hakukanyaga mjini, ingawa mji ulikuwa ng'ambo tu ya maji. Hakuoa. Watu wakasema mke wake ni mplamu na wanawe ni makorongo aliowafuga. Shairi lake moja lina mistari miwili, mmoja kuhusu vivuli vya matawi machache juu ya maji na mwingine kuhusu harufu inayotembea kwenye mbalamwezi, ambayo kila mtunzi wa Kichina aliyemfuata alilazimika ama kuifuata ama kuikimbia. Mistari hiyo aliijenga juu ya ubeti wa mtunzi aliyemtangulia, Jiang Wei, aliyekuwa akisema habari za mwanzi na mti mwingine wa harufu. Lin alibadilisha maneno mawili tu, akauhamishia ubeti kwenye mplamu, na huko ukatulia kana kwamba ulizaliwa hapo.

Wengi wanamsoma Lin Bu kama mzee mpole aliyependa miti. Mimi naona kilichomfanya awe na uzito kiko katika shairi lake la mwisho, alilotunga akikaribia kufa. Mwaka 1008 Mfalme Zhenzong alitangaza kwamba maandiko yameshuka kutoka mbinguni, akasafiri na msafara mkubwa hadi Mlima Tai kufanya matambiko ya kumtukuza yeye na dola yake. Maandiko yale yalikuwa ya kubuniwa, na maofisa wenye elimu wengi walijua hivyo. Bado walishindana kuandika sifa. Lin, akiagana na dunia, alijivunia jambo moja: katika karatasi zake hapatapatikana hata andiko moja la kusifu matambiko kama hayo. Mfalme alikuwa amempelekea nafaka na nguo, na mfalme aliyefuata alimpa jina la heshima baada ya kufa. Hakuwa adui wa serikali. Alikataa tu kuikopesha kalamu yake kwa ajili ya uongo, na baada ya hapo mplamu wake haukuweza tena kuwa pambo la nyumbani.

Sasa twende kwa mshairi na ofisa Su Shi, maana kwake jambo lina kina kuliko kwa mwingine yeyote. Mwaka 1079 alikamatwa kwa sababu ya mashairi yaliyodaiwa kuitukana serikali, akawekwa rumande, akahojiwa ubeti kwa ubeti, na ilidhaniwa angeuawa. Badala yake akapelekwa Huangzhou, kando ya mto Yangzi, akiwa na cheo cha jina tu. Njiani, mwanzoni mwa mwaka 1080, alipita katika milima ya Macheng na kuona miplamu imechanua kati ya vichaka na miiba. Alitunga mashairi mawili mafupi. Maua yale yalimkaa moyoni kiasi kwamba hata miaka 14 baadaye, alipofukuzwa tena hadi Huizhou, kusini kabisa, na kukuta miplamu chini ya banda, aliyakumbuka ya Macheng.

Huko Huangzhou ndiko alikotunga kuhusu mplamu mwekundu. Mplamu mwekundu ulikuwa tatizo kwa watunzi, kwa sababu unafanana na mpichi na mwaprikoti, miti inayochanua majira ya kuchipua. Mtunzi wa kizazi kilichotangulia, Shi Yannian, alikuwa ameueleza kwa kuutenga: si mpichi, kwa sababu hauna majani ya kijani, si mwaprikoti, kwa sababu hivi au vile. Su Shi alimkosoa kwa ukali. Alisema mzee yule hakuijua hadhi ya mplamu, akabaki kukagua majani na matawi. Hadhi hiyo, kwa Su, ni tabia ya ndani, ile ambayo mwanadamu huwa nayo au hana, wala haionekani kwa kuhesabu petali.

Tazameni anachokifanya na wekundu wenyewe. Mplamu wake unajua kwamba umechelewa na kwamba weupe wake wa theluji hauendani na nyakati, basi unajipaka rangi ya mpichi ili usiwaudhi watu. Ndani moyo wake umebaki wa baridi, haukubali kufuata. Mtu aliyetoka gerezani juzi, anayeangaliwa kila anachoandika, hawezi kusema kwa uwazi zaidi ya hapo. Uadilifu wa Lin Bu ulikuwa wa mtu aliye huru kukaa kisiwani kwake. Wa Su Shi ni wa mtu aliyelazimika kuinamisha kichwa, kuandika barua za shukrani, kuvaa rangi isiyo yake, na kujua kila usiku ni wapi hasa mpaka ambao hatauvuka. Nadhani huu wa pili ni mgumu zaidi, na ndio ambao watu wengi waliowahi kufanya kazi chini ya wakubwa wakali watautambua.

Jambo lingine la kuzingatia ni kwamba Wang Anshi, kiongozi wa mageuzi ambayo Su Shi aliyapinga na ambayo wafuasi wake ndio waliomfunga Su, naye alitunga shairi fupi la mplamu: matawi machache kwenye kona ya ukuta, yamechanua peke yake katika baridi, na anayetazama kwa mbali anajua si theluji kwa sababu ya harufu. Wang alijiuzulu kwa mara ya mwisho mwaka 1076 na kuishi karibu na Jiangning, ambayo leo ni Nanjing. Mwaka 1084 Su alipopita huko, wawili hawa walikutana na kuzungumza kwa heshima. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ameikosea nchi. Ua likawa la wote wawili, na sioni kosa lolote katika hilo. Uadilifu wa mtu haupimwi kwa kukubaliana naye.

Mwaka 1127 Wajurchen wa dola ya Jin waliteka Kaifeng, mji mkuu wa enzi ya Song, enzi ya Lin Bu na Su Shi, na serikali ikakimbilia kusini. Mplamu ni mti wa kusini, na wakimbizi waliotoka kaskazini waliukuta umejaa kila bonde. Ukawa mtindo. Mwaka 1129 Huang Dayu alikusanya mamia ya tungo za mplamu katika kitabu kimoja, na mwaka 1238 Song Boren alichapisha kitabu cha picha 100 za ua hili, tangu tumba hadi tunda, kila picha na shairi lake. Li Qingzhao, mshairi mkubwa wa kike wa zama hizo, aliyepoteza nyumba na kisha mumewe mwaka 1129, aliliona tatizo mapema. Aliandika kwamba watu wakianza tu kutunga juu ya mplamu, kalamu zao huporomoka kwenye yale yale. Tungo zake mwenyewe zinaukwepa mtego huo kwa kutodai fadhila yoyote. Anaukumbuka mplamu wa ujana alipolichomeka ua kwenye nywele katika theluji, na mplamu wa uzeeni akiwa mvi zimemjaa na upepo wa jioni unavuma. Uadilifu uko katika kutojidanganya kuhusu kilichopotea.

Lu You alizaliwa mwaka 1125, na alikuwa mtoto mchanga wakati kaskazini inaanguka. Maisha yake yote, hadi alipofariki mwaka 1210, alitaka jambo moja: nchi irudishwe. Mwaka 1153 alishika nafasi ya kwanza katika mtihani mjini Lin'an, akimpita mjukuu wa Qin Hui, waziri mkuu aliyefanya amani na Jin; mwaka uliofuata Qin akahakikisha Lu anaanguka mtihani. Aliandika zaidi ya mashairi mia ya mplamu. Wimbo wake maarufu zaidi unauweka mti nje ya kituo cha wasafiri, karibu na daraja lililovunjika, mahali ambapo hakuna mwenye kuumiliki. Maua yanaanguka na kusagwa na magurudumu ya mikokoteni, na harufu inabaki. Wengine huona hapa ushujaa. Mimi naona pia hofu ya mtu ambaye huenda asikumbukwe kwa lolote alilolitaka, na naupenda wimbo huo zaidi kwa sababu hofu hiyo haikufichwa.

Nirudi kidogo kwa Liu Kezhuang, kwa kuwa haki inataka habari yake isemwe yote. Uzeeni aliandika sifa kwa Jia Sidao, waziri mkuu ambaye historia inamhesabu miongoni mwa walioiangamiza Song, na wasomi wa baadaye walimlaumu sana. Mtu yule aliyeteswa kwa ajili ya shairi la mplamu alikuja kumsifu mwenye nguvu. Simtaji kwa kumdhalilisha. Nataka tuone kwamba mti haukumlinda. Miaka mingi ya kutunga juu ya uthabiti haimpi mtu uthabiti wa siku inayofuata.

Mwenzake wa kupimwa naye ni Xie Fangde, aliyezaliwa mwaka 1226. Wamongolia walipoimaliza Song, alipigana, akashindwa, mkewe akajiua gerezani, na yeye akajificha Fujian. Sokoni Jianyang, wilaya ileile ya Liu, alipiga ramli kwa wapita njia, akipokea mchele na makubazi tu. Serikali yao mpya ya Yuan ilimwita mara kadhaa ashike cheo. Kila mara alikataa kwa barua. Katika miaka hiyo ya kujificha alitunga shairi fupi kuhusu milima ya Wuyi. Mplamu unatokea mwishoni, na kinachonigusa ni kwamba hajilinganishi nao. Anauona mbali naye, daraja ambalo huenda umri mmoja hautoshi kulifikia. Mwaka 1288 alikamatwa na kupelekwa kwa nguvu Dadu, Beijing ya leo. Akagoma kula, akafariki mwaka 1289 hekaluni. Kwangu shairi lile ndilo kilele cha utamaduni huu wote, na limetungwa na mtu aliyedhani bado hajafika.

Baada yake wako wengi, nami nitawapitia haraka. Wang Mian, aliyefariki mwaka 1359, alizaliwa katika familia maskini huko Zhuji, akakataa vyeo, akapanda miplamu elfu nyumbani kwake mlimani, na kuichora kwa wino mweusi mtupu. Shairi aliloliandika juu ya mchoro wake mmoja linakataa kusifiwa kwa rangi. Gao Qi wa Suzhou alitunga mashairi tisa ya mplamu ambayo bado yanasomwa; alikataa cheo katika wizara ya mapato, na mwaka 1374 mwasisi wa enzi ya Ming akamwua akiwa bado hajafika miaka 40.

Katika karne ya 20 dola zenyewe zililichukua ua. Desemba 1961 Mao Zedong alitunga wimbo kwa kipimo kilekile cha Lu You, akimjibu, na mplamu wake ni wenye furaha na ushindi. Mwaka 1964 serikali iliyokuwa Taiwan ikautangaza mplamu kuwa ua la taifa. Pande mbili zilizopigana vita zilidai ua moja, na huko liliko sasa, kwenye nembo na kuta za ofisi, halimgharimu chochote anayelisifu.

Ndiyo maana namthamini Gong Zizhen wa Hangzhou. Mwaka 1839, alipokuwa amejiuzulu na kuondoka Beijing, aliandika insha fupi kuhusu miplamu inayougua. Wasomi, anasema, wameamua kwamba mplamu mzuri ni uliopinda, uliolala upande, wenye matawi machache. Hawawezi kutangaza amri hiyo hadharani, lakini wauza miti wameisikia. Basi hukata matawi yaliyonyooka, hung'oa machipukizi, huubana mti kwa kamba ili upate bei. Vivuli vile vichache vya Lin Bu, vilivyotokea kwa bahati ya mbalamwezi usiku mmoja, vimekuwa kanuni ya kuutesea mti. Kila msomaji wa zama zake alielewa kwamba Gong anasema pia habari za mitihani ya serikali, na za vijana waliopindishwa ili wafae.

Insha inasema alinunua vyungu 300 vya miplamu, hata mmoja haukuwa mzima. Akalia siku tatu. Kisha akaapa kuiponya: akavunja vyungu, akaipanda ardhini, akafungua kamba zote, akajipa muda wa miaka mitano. Alitaka apate nafasi na mashamba ya kutosha kuikusanya miplamu yote inayougua ya Jiangning, Hangzhou na Suzhou, na kuumaliza umri wake katika kuitibu. Alijua wasomi wangemtukana kwa hilo, na aliandika kwamba yuko tayari. Umri wenyewe haukumtosha hata kwa ile miaka mitano: alifariki ghafla mwaka 1841, huko Danyang.